Mbwa anaumwa kila masika ikianza, shida ni mvua au kupe?

Swali nimelifupisha kidogo, mwenyewe aliandika hivi: "Shikamoo dokta. Nina mbwa dume, German Shepherd mchanganyiko, ana miaka minne anaitwa Simba. Nilitoka nae Arusha nilipohamia Dar kikazi, sasa hivi tuko Kimara. Tangu tufike, huu unaenda mwaka wa tatu, kila masika ikianza anaumwa, hataki kula, analala tu, macho tongotongo, anakonda. Muuza duka la dawa za mifugo aliniambia ni homa ya kubadilika kwa hali ya hewa akanipa vidonge, nikampa siku tano akapona. Mwaka jana ikarudi na akatoka damu puani. Nina paka pia. Nifanyeje mwaka huu asiumwe? Na je nimnyoe manyoya, maana joto la huku linamtesa?"

Marahaba mwanangu. Umeuliza mapema na hilo limenifurahisha sana, mana wengi wananitafuta mvua ishaanza na mbwa yuko chini siku ya nne hajagusa chakula. Saa hizi tuko katikati ya mwezi wa pili, masika ya huku Pwani kwa kawaida inaanza mwezi wa tatu mpaka wa tano, kwaiyo una kama wiki tatu za kujipanga na zinatosha kabisa.

Nianze na ile damu ya puani mana ndo imenishtua kuliko yote uliyoandika. Homa ya hali ya hewa kwa mbwa hamna. Mvua haimpi mbwa homa, joto la kawaida halimtoi mbwa damu puani, kinachobadilika msimu ukibadilika ni wale wanaoishi nae, kupe, nzi, mbu, panya, ukungu kwenye chakula, hao ndo wanaamka. Sasa mbwa aliyetoka nyanda za juu akaletwa Pwani, anakataa kula, anakonda, macho machafu, anapata nafuu kwa vidonge vya siku chache alafu mwaka unaofuata inarudi na damu juu yake, mimi kitu cha kwanza kinachonijia kichwani ni ugonjwa wa kupe unaoitwa elikia. Sijamshika Simba kwaiyo kipimo ndo kitasema, ila ngoja nikueleze kwanini nawaza hivo.

Elikia ni vidudu vidogo sana vinaingia ndani ya chembe nyeupe za damu. Kupe akimng'ata mbwa, wiki ya pili au ya tatu hivi mbwa anapata homa, anapoteza hamu ya kula, tezi zinavimba. Alafu hapo ndo panapodanganya watu, mbwa anaweza akainuka mwenyewe hata bila dawa, anakula, anabweka, anakimbiza boda kama kawaida, kumbe vile vidudu vimejificha mwilini na vinaweza kukaa humo miezi au hata miaka. Vikiamka tena vinashusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na ndo unaona damu puani, au vidoa vyekundu tumboni sehemu isiyo na manyoya, au ufizi umekuwa mweupe kama karatasi. Na hawa German Shepherd kwa bahati mbaya ugonjwa huu unawapiga vibaya kuliko mbwa wengi.

Dawa yake ya kawaida ni doksisaikilini na inatumika siku 28. We umempa siku tano. Hata kama vidonge vile vilikua vyenyewe, siku tano vinamnyanyua tu havimtibu, kwaiyo inawezekana kabisa Simba hajaugua mara mbili, ameugua mara moja na hajawahi kupona. Sikulaumu hata kidogo, ulimwamini mtu wa dukani na ukaona mbwa kasimama, nani angeendelea kununua dawa?

Kwaiyo kabla ya mambo ya msimu wote huu mpeleke akapimwe damu wiki hii hii, usisubiri aanguke. Omba picha kamili ya damu ili chembe sahani zihesabiwe, na omba kipimo cha elikia. Mwambie daktari achukue na tone la damu kwenye ncha ya sikio aliangalie kwa hadubini, mana kuna mwenzake elikia anaitwa babesia, nae analetwa na kupe, na mara nyingi wanakuja wote wawili. Babesia inapasua chembe nyekundu, dalili yake kubwa mkojo unakua mweusi kama kahawa au soda ya kola, ufizi mweupe au wa njano, mbwa anahema juu juu. Huyo hasubiri kesho, na tiba yake ni nyingine kabisa, ni sindano, doksi peke yake haimuokoi.

Nyumbani jifunze kitu kimoja, kila jumapili mfunue mdomo Simba uangalie ufizi. Wa mbwa mzima ni wa pinki na una unyevu, ukibonyeza kwa kidole unakua mweupe alafu rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Na nunua kipimajoto cha kidijitali cha duka la dawa, kinaingizwa matakoni na mafuta kidogo, mbwa wa kawaida ni nyuzi 38 mpaka 39.2. Watu wanagusa pua wanasema imekauka anaumwa, pua haisemi kitu, kipimajoto ndo kinasema.

Sasa kupe wenyewe. Kupe anayetusumbua majumbani ni yule wa kahawia wa mbwa, na ana tabia ambayo wa ng'ombe hana, hahitaji majani wala malisho, anaishi ndani na nyie. Akinyonya akashiba anadondoka, anatafuta ufa, na anapenda kupanda juu, ndo mana utamkuta ukutani karibu na dari na mtu anashangaa amefikaje. Jike lililojaa, lile la kijivu kama mbegu ya nyonyo, linaingia kwenye ufa linataga mayai maelfu alafu linakufa. Mayai yakianguliwa vinatoka vitoto vya miguu sita vidogo kama punje ya ufuta, vinarudi kwa mbwa, vinanyonya, vinadondoka, vinajivua gamba, vinarudi tena, yani mpaka afike kutaga kashapanda mbwa mara tatu na kushuka mara tatu. Na mkubwa anaweza kukaa kwenye ufa bila kula zaidi ya mwaka akisubiri. Joto na unyevu wa masika ndo sikukuu yao.

Niliwahi kwenda kwa mteja mmoja Tabata, mama mwaminifu kweli kweli, kila jumamosi anamuogesha mbwa wake dawa na bado kupe hawaishi, ashabadilisha dawa mara nne. Banda lake la tofali za bloku halina plasta. Nikachukua kipande cha waya nikakwangua ufa mmoja tu, mfupi kuliko kiganja changu, ule unaotenganisha tofali na tofali karibu na mlango. Wakaanza kutoka, wakubwa wale bapa wenye njaa wanakimbia hawa, nyuma yao majike mawili yaliyonyauka, na chini kabisa fungu la mayai ya kahawia yanang'aa yameshikana kama ulezi uliomwagiwa asali. Huyo mama alikaa chini. Miezi yote ile alikua anaogesha wachache waliopanda, na walio wengi wako ukutani wanasubiri zamu.

Kwaiyo kazi yako ya wiki hizi tatu ni banda kabla ya mbwa. Matandiko ya zamani ya Simba, magunia, makapeti, choma. Nyufa zote za banda na za baraza ziba kwa plasta, ni gharama ndogo kuliko drip moja. Kabla hujaziba nyunyiza dawa ya kuua kupe kwenye nyufa, kuanzia chini mpaka juu kwenye paa na nyuma ya milango, ukimtoa mbwa na paka kabisa hapo ndani mpaka pakauke, alafu rudia baada ya wiki mbili au tatu mana mayai hayafi kirahisi, unawawinda wale walioanguliwa. Nyasi kata fupi. Ukifanya mara moja tu ukaacha utaniambia dawa feki.

Kwa Simba mwenyewe, kuogesha dawa kuna shida moja, inaisha haraka hasa akinyeshewa. Ukiweza bajeti tumia vidonge vya kutafuna vya kupe, kuna vya mwezi mmoja na kuna vya miezi mitatu, mvua haiviathiri, ila kama amewahi kuanguka kifafa mwambie daktari kwanza. Hela ikibana, kola nzuri ya kupe au matone ya kuweka katikati ya mabega, ukifuata uzito ulioandikwa kwenye boksi. Usichukue dawa ya josho la ng'ombe ukakadiria kwa kifuniko, mbwa wengi wameletwa kwangu wanalegea na mate yanatiririka kwa sababu ya kifuniko kimoja kilichozidi. Anza dawa sasa hivi, kabla tone la kwanza la mvua halijadondoka, na usikatishe mvua ikiisha, Dar kupe hawana likizo.

Alafu kila jioni mpapase. Ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani, chini ya mkia, chini ya mkanda wa shingo. Ukimpata shika kwa kibano karibu kabisa na ngozi vuta taratibu moja kwa moja, mtie kwenye spiriti. Mafuta ya taa hapana, kiberiti hapana, na usimpasue kwa kucha. Ila usitegemee kutoa kwa mkono peke yake, elikia inaweza kuingia ndani ya masaa machache tu tangu kupe ajishike.

Paka wako sasa, hapa naomba unisikilize vizuri sana. Dawa ya kupe ya mbwa usimwekee paka, hata robo, hata tone. Nyingi zina pemethrini na mwili wa paka hauwezi kuivunja. Nimempokea paka jioni moja anatetemeka mwili mzima, masikio yanacheza, kila ukimgusa anaruka kama amepigwa shoti, mwenye nae alimuonea huruma viroboto akammalizia matone yaliyobaki ya mbwa. Tulikaa nae usiku kucha. Huyo alipona, nimeona ambao hawakupona. Tafuta yenye picha ya paka na uzito wa paka, na Simba akiwekewa matone watenganishe mpaka yakauke kabisa, mana wengine wanalala wamekumbatiana na paka anamlamba mwenzie. Nikiwa hapo hapo, panado nayo paka haivumilii, kidonge kimoja kinamuua.

Mvua ikishakolea kuna mengine mawili matatu. La kwanza ni funza wa yule nzi anayetaga kwenye mchanga wenye kivuli na harufu ya mkojo, ndo huyo huyo anayefanya wazee wetu wasisitize nguo zote zipigwe pasi. Mbwa anayelala kwenye mchanga chini ya mwembe anawaokota tumboni na kwenye mapaja. Utaona kama jipu lenye tundu dogo katikati, na ukikaza macho unaona kitu kinachungulia kinarudi ndani. Paka Vaseline nzito uzibe tundu, subiri nusu saa mpaka akose hewa, alafu bonyeza pande zote mbili atoke mzima. Akikatikia ndani panavimba na kuoza, kwaiyo kama ni wengi au ni kitoto cha mbwa mpeleke kwa daktari. Mpe Simba kichanja cha mbao kilichoinuka, asilale mchangani, na matandiko yake yafuliwe yakauke kweli, nayo yapigwe pasi.

La pili ni panya. Maji yakijaa mitaroni panya wanahamia kwetu, na mkojo wao unabeba vimelea vya leptospira vinavyoingia kwa mbwa akinywa maji ya dimbwi au akikanyaga na kidonda. Huu sio ugonjwa wa mbwa peke yake. Unakumbuka mwaka 2022 kule Lindi, watu wa Ruangwa walivyoumwa homa na kutoka damu puani mpaka ikatangazwa ni homa ya Mgunda? Ndo hii hii. Chanjo ya mbwa ipo, ila kinga yake ni ya mwaka mmoja na asiyewahi kuchanjwa anahitaji sindano mbili zinazopishana wiki tatu nne, kwaiyo muulize daktari siku hiyo hiyo ya kupima damu, ataangalia kama hali yake inaruhusu au asubiri apone. Bakuli la maji liwe safi kila siku, asinywe ya mtaroni, na wewe ukisafisha mkojo wake vaa glovu. Sumu ya panya usiweke kabisa ukiwa na paka na mbwa, watakula sumu yenyewe au watakula panya aliyeila.

Chakula nacho. Najua wengi tunawapikia ugali wa dona na dagaa au utumbo wa kuku, hamna ubaya, ubaya ni lile gunia la unga au pumba lililokaa sakafuni masika nzima likapata unyevu. Ukungu wa mahindi unatoa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ini lake ni dhaifu zaidi kwa sumu hiyo. Mtu anasema huu unga umeharibika kidogo ntampa mbwa. Usimpe, na usidhani kuupika kunasaidia, moto wa jikoni hauiui hiyo sumu. Nunua kidogo kidogo, weka kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya mbao.

Kuhusu kunyoa, usimnyoe. German Shepherd ana manyoya tabaka mbili, lile la juu linamkinga na jua na la chini ni sufi laini, kinachomtesa ni ile sufi iliyokufa ikagandamana ndani na kuzuia hewa. Mchane kwa chanuo la chuma kila siku nyingine, utashangaa mfuko utakaojaa. Ukimnyoa anaungua ngozi na manyoya mengine hayarudi vizuri. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na hewa ya Dar ikiwa na unyevu mwingi kuhema hakumsaidii sana, ndo mana mwezi wa kwanza na wa pili unamuona kachoka hivo. Matembezi yawe kabla jua halijatoka au usiku, na kabla hujamtoa weka mgongo wa kiganja kwenye lami, ukishindwa kuhesabu mpaka saba nyayo zake nazo zitaungua. Ukimuona anahema kwa nguvu, ulimi umekua mwekundu sana au wa zambarau, anayumba, huyo joto limempanda, mpeleke kivulini mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, washa feni, na mkimbize kwa daktari huku akiwa kaloa. Barafu usimzamishe.

Kipupwe, mwezi wa sita mpaka wa nane, kwa mbwa mkubwa kama Simba ni raha tupu, atakula vizuri na kucheza. Siku ukienda nae kusalimia Arusha miezi hiyo hakikisha ana pa kulala pakavu pasipo na upepo, ashazoea joto la huku. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina msimu, ni kila mwaka kwa wote wawili, na Serikali mara nyingi inachanja kuelekea tarehe 28 mwezi wa tisa, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ila kama kadi ya Simba imepita mwaka usingoje tarehe hiyo.

Ukienda kliniki beba kadi ya chanjo, na lile boksi la vidonge vya miaka ile kama bado unalo lipige picha, mana jina la dawa na siku ulizompa vitamsaidia sana daktari. Atolewe damu kwanza kabla hajameza kidonge chochote, hata cha kuongeza nguvu alichopewa mbwa wa jirani, ukianza doksi leo kipimo cha kesho kinaweza kisione vile vidudu kabisa. Na ukipewa siku 28 ziwe 28, mpe pamoja na chakula asije akatapika, weka alamu kwenye simu, siku ya kumi atakua anaruka ruka na wewe utashawishika kuacha, usiache. Majibu yakitoka niandikie chembe sahani zilikua ngapi, tuendelee kuanzia hapo.